Apolo Kivebulaya, Mchungaji wa Mboga

Yapata mwaka 1864 alizaliwa katika nchi ya Buganda mtoto aliyeitwa Waswa. Jina hilo Waganda humpa mtoto wa kiume aliyetangulia kuzaliwa katika mapacha. Na wazazi wa mapacha nao hupewa majina ya heshima, baba huitwa Salongo na mama Nalongo. Wazazi wa Waswa hawakuwa watu wakubwa wa jumba la mfalme. Walikuwa watu wa shamba, na mtoto wao alikua kama watoto wengine wa shamba.

Alipokuwa kijana alikaa kwa mganga ili ajifunze kazi yake. Hapo aliona kwa macho yake mambo ambayo wagonjwa waliokuja mlangoni hawakuyaona. Alitambua ya kuwa mengi yaliyosemwa kuwa ni kazi ya mizimu yalikuwa kazi ya mikono ya mganga mwenyewe, na ya kuwa hofu ya watu ndiyo iliyomlisha. Tangu siku zile kijana huyo alichukia sana mtu anayekula kwa kudanganya wenzake. Baadaye alijifunza dini ya Kiislamu, iliyokuwa imetangulia kuingia Buganda pamoja na wafanya biashara kutoka pwani, na Mfalme Mutesa mwenyewe alikuwa amefunga mwezi wa Ramadhani miaka kadhaa. Lakini moyo wa Waswa ulikuwa bado unatafuta.

Wakati ule palikuwa na Mzungu mmoja katika Buganda, jina lake Alexander Mackay, mtu wa Scotland. Njia aliyoifuata kwenda huko wenyeji wa Ugogo waliijua vema, kwa sababu wajumbe wa kwanza wa misheni waliokwenda Buganda walipita Mpwapwa na Ugogo, wakafuata njia ya misafara ya pembe. Mackay alitoka pwani pamoja nao mwaka 1876, lakini aliugua sana safarini, akarudishwa. Alipopona hakukaa bure. Mwaka 1877 alikata barabara kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, yapata maili 230, akiondoa miti na kujaza mabonde kwa mikono yake pamoja na watu wake. Hata mwisho wa mwaka 1878 ndipo alipofika Buganda.

Huyu Mackay alikuwa fundi. Alifua chuma, alipasua mbao, alichapa vitabu. Waganda walishangaa kuona mwalimu wa dini mwenye mikono yenye masizi, kwa maana walidhani mtu mwenye elimu na heshima hukaa kitako na kutumikiwa. Waswa alikuwa mmoja wa vijana waliosikia mafundisho yake. Hakubatizwa wakati ule, lakini neno aliloona na kulisikia kwa Mackay halikumtoka.

Mwaka 1888 ukaanza wakati mbaya. Mfalme Mwanga alifukuzwa katika kiti chake, na watu wa Buganda wakapigana wao kwa wao, ndugu na ndugu, kwa ajili ya dini na kwa ajili ya utawala. Waswa kwanza alikuwa katika jeshi la Waislamu, kisha akajitenga nao. Mackay naye alikufa kwa homa tarehe 8 Februari 1890 huko Usambiro, kusini ya ziwa, asione matunda ya kazi yake.

Vita ilipotulia, watu wengi walitaka kusoma. Tangu mwisho wa mwaka 1893 kanisa la Buganda lilipata uamsho mkubwa, na walimu Waganda wakatumwa kwenda nchi za jirani, mmoja huku na wawili kule, wengine wakiwa hawajui zaidi ya kusoma Injili. Katika mwaka 1895 Waswa alibatizwa, akaitwa Apolo, jina la yule mtu wa Iskanderia aliyefundisha pamoja na Mtume Paulo. Watu walimwongezea jina jingine la mzaha. Alipenda kuvaa koti la Kizungu juu ya kanzu yake, basi wakamwita Kivebulaya, maana yake kitu kilichotoka Ulaya. Koti lilichakaa likaisha, lakini jina lilibaki hata kaburini.

Mwaka huo huo aliobatizwa Apolo alipelekwa magharibi, nchi ya Toro, awe mwalimu. Mtu asomaye nyaraka za Mtume Paulo huenda akashangaa kwa jambo hili. Paulo alipomwandikia Timotheo habari za sifa za mwangalizi wa kanisa, alikataza asichaguliwe mtu aliyeongoka juzi, asije akajivuna akaanguka. Je, wazee wa Buganda walisahau onyo hilo? Hawakulisahau. Kazi aliyopewa Apolo haikuwa uaskofu wala ukasisi; ilikuwa kazi ya chini kabisa, kwenda mbali kuwafundisha watu kusoma na kusali. Hakuwa na mamlaka ya kubatiza, wala ya kutoa ushirika, wala ya kumhukumu mtu ye yote. Alipewa njia ya kuonekana yeye ni mtu wa namna gani. Miaka mitano ilipita kabla hajawekewa mikono, na katika miaka hiyo mitano alijaribiwa kuliko wanafunzi wa chuo cho chote.

Toro ni nchi iliyo chini ya milima ya Ruwenzori, ambayo kilele chake kina mita 5,109 na kimefunikwa kwa theluji ingawa kiko karibu na mstari wa ikweta. Mfalme wake, Kasagama, alibatizwa mwaka 1896 akaitwa Daudi. Ng'ambo ya milima hiyo, baada ya kushuka katika bonde la mto Semliki na kupanda tena, ndiko kulikokuwa na nchi ndogo iitwayo Mboga. Jina hili lisimchekeshe msomaji. Halina habari na mboga ziliwazo kwa ugali. Siku hizi huandikwa Boga, na iko katika Kongo. Upande wake wa magharibi unaanza msitu mkubwa wa Ituri. Mtu aliyezaliwa Mtera, mahali ambapo Kisigo na Ruaha hukutana, na ambaye amezoea kuona mbuyu mmoja hapa na mwingine kule na anga kubwa katikati, ni vigumu kwake kuufikiri msitu ule. Humo jua la adhuhuri ni kama magharibi, na mtu huweza kutembea siku nyingi asione mahali penye uwazi wa kutosha kulaza ng'ombe kumi.

Mtawala wa Mboga aliitwa Tabaro. Kabla ya Apolo walikuwa wamekwenda kwake walimu wawili Waganda. Hawakukaa. Walitazamia kulishwa na wenyeji, kama ilivyokuwa desturi ya wageni wenye heshima, na Tabaro alipowachukia alikataza watu wasiwape chakula. Wale walimu hawakushika jembe, kwa sababu kwao Buganda kulima ni kazi ya wanawake, na mwanamume aliyejua kusoma aliona aibu kuonekana shambani. Basi njaa iliwafukuza.

Wasihukumiwe kwa ukali. Wazee wa Ugogo waliopatwa na njaa ya Mtunya, katika miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya kwanza na mara baada yake, walisimulia watoto wao jinsi njaa inavyomgeuza mtu, akauza ng'ombe wake, akaacha nyumba yake, hata akamsahau jirani yake. Wale walimu wawili walikuwa wageni, bila ndugu, katika nchi ya mtawala asiyewataka. Lakini jambo moja ni kweli: watu wa Mboga walikuwa wamesikia neno kwa vinywa vyao, kisha wakaona ya kuwa neno lile halikuweza kukaa mahali pasipo na chakula cha bure.

Habari zilipofika Toro kwamba Mboga haina mwalimu, Apolo alikubali kwenda. Ilikuwa mwaka 1896. Alivuka mabega ya milima ile yenye baridi, akashuka bondeni penye joto, akavuka Semliki, akafika kwa Tabaro.

Yaliyowapata wenzake yalimpata naye, maana Tabaro alikuwa ni yule yule. Lakini Apolo alitwaa jembe, akalima. Watu walimtazama. Mwalimu, mtu wa kitabu, mwanamume wa Buganda, ameinama shambani akipanda chakula chake mwenyewe! Wengine walicheka. Lakini siku zilipopita walifahamu ya kuwa mtu huyu hawezi kufukuzwa kwa njaa, wala hakuja kutafuta chakula chao. Jioni alifundisha wale waliotaka kusoma, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa wachache wenye vitabu.

Hapo ndipo hasira ya Tabaro ilipozidi. Mafundisho ya Apolo yaligusa mambo matatu ambayo mtawala aliyapenda: pombe, wake wengi, na hirizi. Mwalimu mwenye busara ya dunia angaliyaacha mambo hayo kwanza, akafundisha herufi tu, mpaka mtawala amzoee. Apolo hakufanya hivyo, wala hakumtukana Tabaro. Alimheshimu kama mtawala, lakini alisema wazi lile aliloamini. Nyumba ya kusalia ikachomwa moto. Apolo akapigwa. Wanafunzi wake wengine wakaogopa, na wengine wakazidi kuja, jambo ambalo lilimshangaza Tabaro kuliko yote.

Kisha likatokea jambo la huzuni. Mwanamke mmoja wa jamaa ya Tabaro alikufa kwa ajali. Aliangukia mkuki uliokuwa umefichika katika majani. Apolo hakuwa na kosa lo lote katika kifo hicho. Lakini adui zake walipata nafasi waliyoitafuta, wakasema mwalimu ndiye aliyemwua. Akafungwa minyororo, akapelekwa ng'ambo ya milima mpaka Toro kwenye ngome ya Serikali, akatiwa gerezani pamoja na wezi na wauaji.

Mtu aliyeonewa hivi, je, angefanya nini? Alikuwa na marafiki katika Toro. Mfalme Daudi Kasagama alikuwa Mkristo. Angeweza kusema ya kuwa amefanya kazi yake ya kutosha, na kuomba apewe kanisa karibu na barabara, kati ya watu wapole. Hakuna mtu ambaye angemlaumu.

Katika siku za taabu ile, alipokuwa amevunjika moyo kabisa, Apolo alipata njozi ambayo aliisimulia maisha yake yote. Alimwona Kristo akimjia, naye alikuwa aking'aa kama jua, akamwambia asiogope kwa kuwa yeye yu pamoja naye. Hayo ndiyo aliyoyasimulia, wala hakuongeza neno la kujisifu. Kila alipoulizwa kwa nini hakuiacha Mboga, alirudia habari ya njozi ile, na ilikuwa kama kwamba hakuona haja ya kueleza zaidi.

Shauri lake lilipoangaliwa alionekana hana hatia, akafunguliwa. Akavuka milima tena akarudi Mboga.

Tabaro alikuwa amekwisha kudhani ya kuwa amemwondoa mtu huyu milele. Alipomwona anakuja kwa njia ile ile, hana askari nyuma yake, hana barua ya kumshitaki mtu, wala hataki kulipwa fidia ya nyumba iliyochomwa, alishindwa kufahamu. Adui anayerudi kwa ajili ya kisasi Tabaro alimjua, maana alikuwa mtawala na alikuwa amepigana. Lakini huyu alirudi akashika jembe lake kama mtu aliyetoka sokoni. Moyo wa Tabaro ukaanza kulainika. Mwisho naye akawa msomaji, akabatizwa. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mwangalizi wa kanisa lazima ashuhudiwe mema na watu walio nje ya kanisa. Watu wengi husoma mstari huo upesi upesi. Kwa Apolo shahidi wa nje alikuwa ni yule aliyemfunga minyororo.

Tarehe 21 Desemba 1900 Apolo alifanywa shemasi, na mwaka 1903 akafanywa kasisi. Askofu wa Uganda wakati huo alikuwa Alfred Tucker. Katika mambo ya elimu Apolo hakuwa wa kwanza kati ya wenzake. Walikuwako Waganda waliojua vitabu vingi kuliko yeye. Alijifunza alichotakiwa kujifunza, kwa bidii, wala hakudharau elimu, kwa kuwa kasisi asiyesoma huwapa watu mawazo yake mwenyewe na kuyaita Neno la Mungu. Lakini aliyemwekea mikono alijua habari za Mboga: jembe, moto, minyororo, na njia ya kurudi. Hayo hayakuwa katika karatasi ya mtihani, lakini kanisa lo lote linalochagua mchungaji bila kuyauliza huchagua gizani.

Kwa miaka mingi baada ya hapo alifanya kazi katika Toro, akizunguka kwa miguu, baadaye kwa baiskeli, akijenga makanisa na kuwatafuta vijana wa kuwafundisha wawe walimu. Ingawa alikuwa Mganda, aliwafundisha watu kwa lugha ya kwao. Jambo hili si dogo. Walimu wengine Waganda walifikiri ya kuwa lugha ya Kiganda ndiyo lugha ya dini na ya ustaarabu, na ya kuwa mtu wa Toro akitaka kusali vizuri lazima asali Kiganda. Apolo hakuwa na kiburi hicho.

Habari za nyumba yake zinafaa kusemwa kwa kirefu, maana ndizo zilizojulikana sana na watu wa kawaida. Apolo aliishi bila mke katika miaka yake ya uchungaji. Paulo anataka mwangalizi awe mume wa mke mmoja, mwenye kuisimamia nyumba yake vema; kwa maana, asema, asiyeweza kuisimamia nyumba yake atalitunzaje kanisa? Mtu angeweza kudhani Apolo hakuwa na nyumba ya kumpimia. Lakini nyumba yake ilijaa. Aliwachukua watoto yatima, na vijana waliofukuzwa kwao kwa sababu ya kusoma, na watoto wa maskini, akawalisha, akawavika, akawafundisha. Walimwita baba. Walikuwako watoto wa kabila hili na la lile chini ya dari moja, na walikula katika chungu kimoja. Wengi wao wakawa walimu.

Fedha hazikukaa mikononi mwake. Mshahara wa kasisi Mwafrika katika siku zile ulikuwa mdogo sana, na hata huo mdogo ulitoka upesi: nguo ya mtoto, kitabu cha mwalimu, chakula cha mgeni. Mashamba yake yalimsaidia. Mtu aliyekuwa mwanafunzi wa mganga katika utoto wake, akaona jinsi kazi takatifu inavyoweza kugeuzwa kuwa biashara, hakutaka mtu amtazame yeye kama alivyomtazama yule mganga. Huenda hapo ndipo palipokuwa na mzizi wa ukali wake katika jambo la fedha. Wala hakuwa mtu wa uso wa huzuni. Alipenda kucheka, na watoto walimkimbilia njiani.

Wakati huo huo Serikali za Ulaya zilikuwa zikibishana juu ya mipaka. Waingereza na Wabelgiji walipokwisha kupatana na kupima nchi, Mboga ilionekana iko upande wa Kongo ya Wabelgiji. Kwa hiyo kanisa dogo la Mboga lilijikuta limekatwa na mama yake. Wamisionari wa Uganda hawakuwa na kazi upande ule, na Wabelgiji walipenda zaidi misheni za Kirumi. Wakristo wa Mboga wangeweza kupotea kama kondoo waliosahauliwa nje ya zizi. Apolo, ambaye umri wake ulikuwa umepita miaka 50, aliacha kazi yake ya Toro ambako alipendwa na kujulikana na watu wote, akarudi Mboga yapata mwaka 1915. Safari hii alikwenda kukaa hata kufa.

Kama angaliishia hapo angalikumbukwa kama mchungaji mwema wa wilaya moja. Lakini msitu ulikuwa karibu.

Ndani ya msitu wa Ituri wanaishi Wambuti, ambao Waswahili wa zamani waliwaita mbilikimo kwa ajili ya ufupi wao. Ni wawindaji hodari. Hawakulima, walibadilishana nyama na asali kwa ndizi za majirani zao wakulima. Majirani hao waliwadharau, wakawahesabu kama watu nusu, wasioweza kujifunza kitu, hata wengine waliwaita mali yao. Ndivyo binadamu alivyo: aliyedharauliwa na mtawala wake humtafuta aliye mfupi kuliko yeye amdharau. Hata Wakristo wa Mboga hawakuona sababu ya kuwaendea.

Mwaka 1921 Apolo alisema ya kuwa Kristo amemwonyesha tena katika ndoto njia ya kwenda, na njia hiyo iliingia msituni. Alikuwa na miaka karibu 57, na mwili wake ulikuwa umechoka kwa safari. Alikwenda. Kwanza Wambuti walimkimbia, kama walivyowakimbia wageni wote waliokuja kutafuta kodi au wapagazi. Aliwangoja. Alikaa kwa upole katika makambi ya ukingoni mpaka wakamzoea, akala chakula walichokula, akaketi walipoketi. Kwa macho ya wakulima wa Mboga jambo hili lilikuwa la aibu, kasisi kula pamoja na watu wa msituni. Lakini wao walikuwa wamesahau ya kuwa kasisi huyo huyo aliwaaibisha Waganda wenzake miaka 25 nyuma, aliposhika jembe katika nchi yao.

Alijifunza maneno yao pole pole, akatafsiri Injili ya Marko katika lugha ya Wambuti ili waisikie kwa masikio yao wenyewe. Akawafundisha baadhi yao kusoma, na wengine akawabatiza. Hesabu yao haikuwa kubwa. Lakini tangu siku ile hapakuwa na mtu wa Mboga aliyeweza kusema ya kuwa Wambuti hawawezi kujifunza, kwa maana walikuwako kanisani na vitabu mikononi.

Mwaka 1922 alifanywa Kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Hii ni heshima kubwa, na Waganda waliifurahia sana, kwamba mtoto wa shamba ameketi kati ya wakuu wa kanisa. Alikwenda Namirembe, akaipokea heshima yake, akashukuru, akarudi Mboga. Walimkuta amevaa nguo zile zile akikagua shamba na shule.

Katika mwaka 1933 nguvu zilimwishia. Alipokuwa mgonjwa hakutaka kufia Buganda, nchi aliyozaliwa, wala Toro, ambako marafiki zake walikuwa wengi. Alitaka kufia Mboga. Huko alikufa tarehe 30 Mei 1933, na watu waliomlilia walikuwa wa makabila mengi, wakulima, wafugaji na wawindaji.

Kabla ya kufa alikuwa ametoa agizo moja juu ya maziko yake, nalo liliwashangaza wazee. Aliomba asilazwe kichwa chake kikielekea mashariki, upande wa kwao, kama ilivyokuwa desturi. Aliomba kielekee magharibi, upande wa msitu wa Kongo, kwa sababu kazi ya huko ilikuwa haijakwisha. Wakafanya kama alivyosema.

Walimu aliowalea waliendelea. Walitoka Mboga kwa miguu wakaingia mbele zaidi, wakiwa na vitabu vichache na majembe yao. Mwaka 1972 Boga ikafanywa dayosisi, na mwaka 1992 kanisa la Anglikana la nchi hiyo, ambayo wakati ule iliitwa Zaire, likawa jimbo lenye askofu mkuu wake. Wakristo wa huko huhesabu mwanzo wa kanisa lao tangu mwaka 1896, mwaka ule Apolo aliposhuka kutoka milimani akamwomba Tabaro kipande cha ardhi cha kulima.